Breka ikikata ukiwasha muziki, usikimbilie kubadilisha breka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie breka zinazojizima kila muziki unapowashwa nyumbani. Tatizo hili limezoeleka kiasi kwamba limekwisha kupata dawa zake za mtaani. Ya kwanza ni kutoa breka ya ampea 20 na kuweka ya 32. Ya pili ni kukata waya wa ethi kwenye plagi ya amplifaya, na likishindikana hilo, kuunga waya ziipite pembeni RCCB, ile swichi inayokata umeme ukivuja. Breka inanyamaza, mteja anafurahi, fundi anachukua ujira wake anaondoka. Kilichobaki ukutani ni waya usio na mlinzi.

Swali la kwanza halihusu sabufa. Ni hili: kilichoanguka ni kipi? Ndani ya meni swichi kuna breka ndogo nyembamba, kila moja na laini yake: taa, soketi, jiko, heta. Pembeni, kama nyumba imefungwa umeme vizuri, kuna RCCB, pana kiasi cha nafasi mbili, yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Breka ndogo hukata mkondo ukizidi. RCCB haijali mkondo ni mkubwa kiasi gani. Yenyewe hulinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na ule unaorudi kwa nyutro, na ikiona kuna unaopotelea njiani, inakata. Watu wengi husukuma vyote juu kwa kiganja kimoja gizani, asubuhi hakuna anayejua kilichoanguka ni kipi. Hapo fundi anaanza kubahatisha. (Breka zote zikiwa juu na nyumba bado giza, angalia mita ya LUKU kwanza; nayo hukata yenyewe mzigo ukizidi.)

Swali la pili ni la saa. Inakata sekunde ileile ya kubonyeza swichi, au baada ya nusu saa ya muziki? Inakata siku za mvua tu? Inakata hata amplifaya ikiwa imezimwa? Ukijua kilichoanguka na wakati kilipoanguka, nusu ya kazi imekwisha kabla bisibisi haijatoka mfukoni.

Nianze na mzigo kupita kiasi, maana ndio unaosingiziwa zaidi. Sabufa imebandikwa stika ya mbele: wati 20,000 PMPO. Kama stika ile ingekuwa kweli, kwa volti 230 sabufa ingevuta ampea 87 na kuyeyusha waya wake yenyewe. Igeuze nyuma, pale waya unapoingilia, usome kibandiko kidogo: 230V, 50Hz, 80W. Hiyo ni theluthi moja ya ampea. Hata amplifaya ya kweli ya wati 300 kwa kila upande haili wati 600 mfululizo, kwa sababu muziki una mapigo na mapumziko. Ukiipiga kwa sauti ya kawaida ya sebuleni, au hata juu zaidi kidogo, itavuta wati 200 hadi 300 hivi ukutani. Kwa breka ya ampea 20, inayobeba wati 4,600, huo ni mzaha.

Kwa hiyo breka ndogo ikikata baada ya dakika 20 au 40 za muziki, tafuta kilichokuwa kinatumika pamoja na muziki kwenye laini ileile. Birika la umeme la wati 2,200 linachukua karibu ampea 10. Pasi ya 1,200 inachukua 5. Kiyoyozi kidogo kinaongeza 5 au 6. Na breka ya 20 haikati ikifika 20. Kwa kiwango chake inatakiwa ivumilie ampea 22.6 kwa saa nzima, na ikifika 29 ikate ndani ya saa hiyo. Ndiyo maana inachelewa, na inapokata wote wanaitazama sabufa kwa sababu ndiyo iliyonyamaza kwa kishindo. Dawa ni kuhamisha birika na pasi kwenye laini nyingine.

Kuna jambo dogo hapo linalosahaulika: joto la meni swichi yenyewe. Breka hizi hupimwa kwa nyuzi 30 za Selsiasi. Sanduku la chuma lililofungwa kwenye ukuta unaopigwa jua la alasiri hapa Pwani linapita nyuzi hizo, na breka iliyo ndani yake hukata mapema kuliko ilivyoandikwa. Skrubu iliyolegea inafanya vivyo hivyo: pale waya unapoingia breka panachemka, plastiki inageuka rangi ya kahawia, breka inahisi joto la skrubu na kudhani ni joto la mzigo. Zima meni, pima kwa testa, kaza. Breka iliyokwisha kuungua mdomo itolewe, iwekwe nyingine ya ampea zilezile.

Sasa lile la kukata sekunde ileile ya kuwasha. Hapa ndipo penye utamu wa ufundi, na ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Amplifaya nzito, hasa zile zenye transfoma ya mviringo yenye umbo la ngata, zinapiga umeme kwa nguvu mara tu zinapowashwa. Transfoma ya namna hiyo haina upenyo wowote katika chuma chake. Ikizimwa, sumaku kidogo inabaki ndani. Ukiiwasha tena kwa bahati mbaya wakati wimbi la umeme liko sifuri na linapanda upande uleule wa sumaku iliyobaki, chuma kinashiba. Chuma kikishiba, koili haina kinga tena isipokuwa ukinzani wa waya wake wa shaba, na kwa transfoma ya VA 800 hivi (volti-ampea, kipimo cha ukubwa wake) ukinzani huo ni omu 1 hadi 2 tu. Kilele cha umeme wetu wa volti 230 ni volti 325. Gawanya mwenyewe. Mkondo haufiki mwisho wa hesabu hiyo kila mara, lakini ampea 80 au 100 kwa milisekunde chache si ajabu. Juu ya hapo kuna kapasita kubwa za ndani, mikrofaradi 10,000 na kuendelea, ambazo zikiwa tupu zinaonekana kwa umeme kama shoti mpaka zijae.

Inashangaza, lakini ukiwasha wakati wimbi liko kileleni transfoma inaanza kwa upole kuliko ukiwasha wakati liko sifuri. Kidole hakiwezi kuchagua. Ndiyo maana mara mbili inawaka vizuri, ya tatu breka inaanguka, na mwenye nyumba anaapa kwamba hajabadilisha chochote. Kukata huku kwa bahati nasibu ndiko alama yake.

Breka aina B ya ampea 16 inakata papo hapo mkondo ukifika kati ya ampea 48 na 80. Aina C ya ampea zilezile inasubiri mpaka kati ya 80 na 160. Herufi imeandikwa usoni pa breka mbele ya namba: B16, C16. Kubadilisha B16 kuwa C16 ni dawa halali, kwa sababu ulinzi wa waya dhidi ya joto haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni subira yake kwa mpigo wa kuwasha. Kubadilisha B16 kuwa B32 ni jambo lingine kabisa. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) uliopita kwenye bomba ndani ya ukuta unabeba kama ampea 24, na kwa joto letu pungufu ya hapo. Breka ya 32 itauruhusu upitishe ampea 36 mchana kutwa, na 46 kwa muda unaokaribia saa nzima, bila kusema neno. Plastiki ya waya inalainika ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeona. Fundi akija na breka ya 32 mkononi kabla hajachomoa hata plagi moja, mwulizeni waya ulioko ukutani ni wa ngapi.

Hata hiyo C isiwekwe kwa mazoea. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, nguzo ya sita au ya saba kutoka kwenye transfoma ya mtaa, inaweza kuwa na omu 1.5 katika mzunguko mzima wa laivu na nyutro. Shoti kamili hapo inatoa ampea 150 tu. C20 inaweza kuhitaji hadi 200 kukata papo hapo. B20 inatosheka na 100. Fundi apime ukinzani wa mzunguko kwanza. Aina D, ya mashine za kuchomelea na mota kubwa, haina kazi sebuleni.

Kabla ya kugusa breka, jaribu vya bure. Usiwashe kila kitu kwa swichi moja ya ekstensheni: washa mikisa na redio kwanza, hesabu mpaka tano, washa amplifaya, hesabu tena, washa ya pili. Umeme ukikatika, zima muziki kabla haujarudi, kwa sababu ukirudi friji, pampu na amplifaya vyote vinaamka dakika moja. Kile kifaa cha kulindia friji kinachochelewesha umeme kwa dakika chache kinafaa pia hapa, mradi ampea zake zinatosha.

Spika za kisasa zenye amplifaya ndani hazina transfoma kubwa, lakini zina ugonjwa wao. Ndani kuna kipande kidogo cheusi au cha kijani kama kitufe, kinachozuia umeme kikiwa cha baridi na kuuachia kikipata moto. Ukizima na kuwasha papo hapo, bado ni cha moto, hakizuii kitu, na mpigo wote unapita. Subiri dakika 2.

Amplifaya inayoendelea kusumbua baada ya hapo ifungiwe kianzio cha pole. Fundi redio yeyote makini anaweza kukitengeneza: risista tatu za waya, omu 150 wati 5 kila moja, zilizofungwa sambamba, jumla omu 50, kwenye laivu inayoingia transfoma. Kilele cha mkondo kinashuka hadi ampea 6.5. Baada ya robo au nusu sekunde rilei yenye midomo ya ampea 16, volti 250, inaziruka risista na amplifaya inapata umeme wake wote. Mambo mawili yasisahaulike. Rilei ipate umeme kutoka transfoma yake ndogo, si kutoka amplifaya yenyewe, kwa sababu amplifaya ikiwa na shoti umeme wake wa ndani haupandi, rilei haifungi, na risista zinabaki zikiungua. Na gusanisha fyuzi ya joto na risista hizo, ili rilei ikigoma kwa sababu yoyote, fyuzi ikate kabla moshi haujatoka.

Hayo yote ni kwa amplifaya nzima. Ikiwa inakata kila unapowasha, bila kukosa hata mara moja, huo si mpigo wa kuwasha, ni shoti. Fungua kishikio cha fyuzi nyuma ya amplifaya. Mara nyingi utakuta fyuzi ya kioo imezungushiwa nywele za waya wa shaba, dawa ya mtu fulani wa zamani. Fyuzi ilikuwa ifanye kazi, imezuiwa, sasa breka ya nyumba inafanya kazi ya fyuzi. Rudisha fyuzi yenye namba iliyoandikwa kwenye bodi. Ikiwa na herufi T mbele, mfano T3.15A, nunua ya T, ile inayovumilia mpigo, si ya F. Kisha iwashe kupitia glopu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na laivu. Glopu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, amplifaya haina shoti. Ikibaki inawaka vilevile, tafuta daiodi za kugeuza umeme au transista kubwa za kutolea sauti. Taa ya LED haifai kwa kipimo hiki.

Nakuja kwenye RCCB, ambayo inachukiwa bure. Ya nyumbani imeandikwa miliampea 30, lakini kwa kiwango chake inaruhusiwa kukata kuanzia juu ya 15. Karibu kila kifaa cha kielektroniki chenye plagi ya ethi kina kapasita ndogo kati ya laivu na ethi, za kuchuja kelele. Kapasita ya nanofaradi 4.7 inavujisha miliampea 0.34 muda wote, na huo si ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Sasa weka pamoja amplifaya mbili, mikisa, kompyuta, skrini, mashine ya kufulia na ekstensheni ya kuzuia radi ambayo vizuizi vyake vimechoka, uvujaji unajumlishana. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinataka uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya RCCB, yaani miliampea 9. Nyumba iliyokwisha kufika 13 inasubiri amplifaya tu iwe tone la mwisho, na amplifaya ndiyo itakayolaumiwa.

Namna ya kutafuta ni hii. Chomoa vifaa vyote, na neno ni chomoa, si kuzima. Swichi za soketi zetu nyingi hukata laivu peke yake. Kifaa ambacho nyutro yake imegusana na ethi kitaendelea kuiangusha RCCB hata kikiwa kimezimwa, mara tu kitu kingine cha nyumba hiyo kikiwashwa. Pandisha RCCB. Ikikaa, rudisha kifaa kimoja kimoja, kila kimoja dakika kadhaa. RCCB ikianguka kwa kifaa kimoja bila wenzake, hicho ndicho kibovu: unyevu, vumbi la chumvi, kapasita iliyopasuka. Kisipopatikana kimoja, na inaanguka vikishafika sita au saba, ni jumla. Dawa ya jumla ni kugawa: soketi za sebuleni zipewe RCCB yao, au breka iliyounganishwa na RCCB ndani yake, ya kila laini peke yake. Unaponunua, chukua aina A badala ya AC, maana vifaa vya kielektroniki hutoa uvujaji wa nusu wimbi ambao aina AC huenda isiuone.

Ikikata wakati hakuna kilichochomekwa, kosa liko ukutani. Fundi apime waya kwa mega ya volti 500, mita inayopima kama plastiki ya waya inavujisha. Chini ya megaomu 1 hapafai. Ahakikishe kwanza kila kifaa kimechomolewa, la sivyo volti 500 hizo zitamaliza dekoda na televisheni kwa mpigo mmoja.

Kukata ethi mara nyingi hakuanzii kwenye breka, kunaanzia kwenye mvumo. Spika zinavuma, mtu anakata waya wa kijani na njano, mvumo unaisha, na RCCB nayo inatulia. Au plagi ni ya miguu miwili na kijiti cha kiberiti kinasukumwa kwenye tundu la juu la soketi ili ifunguke. Amplifaya iliyokatiwa ethi haina pa kupeleka ule uvujaji wa kapasita. Bodi yake inaelea karibu volti 115, na ndiyo ile inayotekenya vidole ukigusa chuma. Siku laivu ikigusa bodi kweli, hata kutekenya hakutakuwepo.

Mvumo una tiba zake. Chomeka amplifaya, televisheni na dekoda kwenye ekstensheni moja ili ethi yao iwe moja. Kisha chomoa waya wa dishi: mvumo ukiisha, umeme unazunguka kupitia dishi, na transfoma ndogo ya kutenganisha sauti kwenye waya wa kutoka televisheni kwenda amplifaya itaumaliza bila kugusa ethi.

Wanaosema breka inatosha, RCCB ya nini, wafanye hesabu moja. Nyumba nyingi zetu zinategemea ethi rodi iliyochimbiwa nje, na kwenye mchanga mkavu kupata omu 40 ni kawaida. Laivu ikigusa bodi, volti 230 kwa omu 40 ni ampea 5.75. Breka ya 20 haitajua kama kuna kilichotokea. Bodi itakaa na umeme mpaka mtu aishike. RCCB inaona miliampea 5,750 na inakata kabla jicho halijapepesa.

Wenye kukodi muziki wa kitchen party na maulidi waulize mapema soketi gani itatumika. Amplifaya za kukodi ni za VA 1,000 na zaidi kila moja, ziwashwe moja moja, za sauti ya chini mwisho. Ekstensheni ya gurudumu ifunguliwe yote. Ikibaki imeviringwa, joto halina pa kutokea, na waya wa 0.75 hautoshi kwa kazi hiyo.

Mwisho ni kitufe cha T. Kibonyezwe mara moja kwa mwezi, umeme ukiwepo. RCCB isipoanguka, imekufa, ibadilishwe siku hiyohiyo na fundi mwenye leseni ya EWURA. Ikianguka, imepita mtihani wake yenyewe tu. Kitufe hicho hakipimi ethi rodi, ambayo inahitaji mita yake, ikiwezekana mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka.

Fundi umeme,
Temeke, Dar es Salaam